Ngoma, Ngao na Mkuki Kando ya Barabara ya Dodoma

Haya, sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina majengo, watu wakaidi, na njia moja inayopanda kwa kuzunguka. Wewe uliyekaa mlangoni ingia ndani, vumbi la hapa kwetu Qurus halina adabu.

Mtu akipanda basi Karatu mjini asubuhi kwenda Arusha, ana kama kilomita 140 za kukaa kwenye kiti. Anapita Rhotia, anashuka ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likimeta chini upande wa kulia, anafika Mto wa Mbu wanakouza ndizi nyekundu dirishani. Makuyuni, barabara yetu inaungana na ile inayotoka Babati na Dodoma. Kisha nyika za Monduli, kisha Kisongo, kisha uwanja mdogo wa ndege. Hapo abiria wengi huinama kutafuta mizigo yao chini ya viti. Ninyi siku mkienda, msiiname. Tazameni nje, maana kabla hamjaingia mjini mtaona jengo ambalo halifanani na jingine lolote njia nzima.

Sehemu moja yake ina umbo la ngoma. Nyingine ina umbo la ngao. Na mkuki umesimama wima, mrefu kama wa jitu. Hapo ndipo Cultural Heritage, kituo kilichoanzishwa mwaka 1994 na mfanyabiashara wa Arusha, Saifuddin Khanbhai. Kilianza kwa kuuza vinyago, vito na nguo kwa watalii wanaokuja kwetu kuona kreta ya Ngorongoro. Jengo hili la ngoma na ngao lilikuja baadaye, na kazi yake ni kuonyesha sanaa za Afrika: vinyago vya mpingo, barakoa za Afrika Magharibi na Kongo, viti vya machifu, picha za Tingatinga, na kazi za wachoraji na wachongaji walio hai.

Ukiingia ndani, kitu cha kwanza kinachokushangaza si kinyago. Ni kwamba huoni vyumba. Majengo mengi unayoyajua yamegawanywa: sebule, chumba, chumba, stoo. Humu katikati pako wazi mpaka juu, na pembeni kuna njia pana inayopanda taratibu huku ikizunguka ule uwazi. Unatembea, unatazama kinyago, unatembea tena, na bila kukanyaga ngazi hata moja unajikuta uko ghorofa ya juu unawachungulia watu waliobaki chini. Miguu yako imepelekwa. Hukuamua wewe, aliamua aliyechora ramani.

Mnaulizana nani alianza kujenga nyumba ya sanaa kwa mtindo huo? Basi hapo tunaacha basi la Arusha tunavuka bahari.

Mwaka 1943, dunia ikiwa vitani, mwanamke mmoja aliyeishi New York aliandika barua. Jina lake Hilla Rebay, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani. Rebay alipenda picha za aina ambayo wengi wetu tukiiona tunakuna kichwa: hakuna ng'ombe, hakuna mlima, hakuna uso wa mtu. Kuna duara, mstari, doa jekundu, doa la buluu. Aliamini kwamba rangi na maumbo peke yake vinaweza kumgusa mtu moyoni kama muziki unavyomgusa, na muziki nao hauchori ng'ombe. Hata mimi zamani nilidhani picha za namna hiyo ni utani wa watu walioshiba. Siku hizi nikimtazama mama akipanga shanga kwenye mkufu, bluu, nyeupe, bluu, nyekundu, siulizi tena mkufu ule umechora nini.

Rebay alikuwa amemshawishi tajiri mmoja aliyeitwa Solomon Guggenheim, ambaye familia yake ilitajirika kwa migodi. Tajiri huyu alikuwa akinunua picha za zamani kama matajiri wenzake. Rebay akamfundisha kununua picha mpya, na hasa za Mrusi Vasily Kandinsky, mpaka nyumba ikajaa. Mwaka 1939 walikodi jengo mtaa wa 54, lililokuwa zamani duka la kuonyeshea magari, wakaligeuza kuwa makumbusho. Rebay alifunika kuta kwa kitambaa cha kijivu chenye mikunjo, akatundika picha chini sana karibu na sakafu, akapiga muziki wa Bach ndani. Mnaona? Kabla hata ya kuwa na jengo lake, alijua kwamba mahali unapoitundikia picha ni nusu ya picha.

Ile barua ya 1943 aliipeleka kwa Frank Lloyd Wright, msanifu majengo aliyejulikana Marekani nzima. Wright alikuwa na umri wa miaka 76. Babu zenu wa umri huo wanasubiri uji upoe. Yeye alikubali kazi ambayo ingemchukua maisha yake yote yaliyobaki.

Wright hakuipenda New York. Aliona majengo yake ni masanduku yaliyopangwa juu ya masanduku. Naye alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na makumbusho ya kawaida, yale ambayo unaingia chumba cha kwanza, unaingia cha pili, cha tatu, halafu ili utoke lazima urudi ulikopita, umechoka, picha zote umeziona tayari. Akasema kwa ramani yake: mgeni aingie, apande lifti mpaka juu kabisa, kisha ateremke kwa miguu polepole kwenye njia moja ndefu inayozunguka, picha zikiwa ukutani, na mwanga ukishuka kutoka kwenye paa la kioo. Njia ikiisha, mgeni yuko mlangoni. Hajarudia hatua hata moja.

Kwa nje, jengo likawa kama kinu: jembamba chini, pana juu. Kila mzunguko ni mpana kuliko ule ulio chini yake, ndiyo maana mwanga unaweza kupenya pembeni pia. Njia yenyewe ina urefu wa kama mita 400. Huo ni mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Filbert Bayi, mtoto wa hapa hapa Karatu, kwa mwendo aliovunjia rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, angeimaliza kwa chini ya dakika moja. Lakini walinzi wa makumbusho wasingemruhusu, na picha angeona wapi?

Kuchora ni rahisi. Kujenga ndiko kuliko na vituko. Kiwanja kilinunuliwa mwaka 1944, mbele ya bustani kubwa ya jiji. Lakini vita ilikuwa haijaisha, na ilipoisha bei za vifaa zikapanda, tajiri akasema tusubiri zishuke. Hazikushuka. Mwaka 1949 Guggenheim akafariki, jengo bado liko kwenye karatasi. Wakubwa wa jiji nao walikuwa na sheria zao za ujenzi, na sheria zile ziliandikwa kwa ajili ya nyumba za pembe nne. Mkubwa wa vibali vya ujenzi akiletewa ramani ya nyumba isiyo na sakafu tambarare, afanye nini? Wright alichora upya, akapunguza, akabadilisha, akachora tena. Rebay mwenyewe, aliyeandika ile barua, aliondolewa kwenye uongozi wa makumbusho mwaka 1952. Mahali pake akaja James Johnson Sweeney, na Sweeney na Wright hawakuiva chungu kimoja.

Ujenzi ulianza mwaka 1956. Mkandarasi aliitwa George Cohen, mtu mwenye uzoefu na zege, maana mafundi wengi walipoiona ramani walirudi nyuma. Sasa hapa nataka watoto wa mafundi wanisikilize vizuri. Ukuta ulionyooka, unasimamisha mbao mbili, unamwaga zege katikati, limekwisha. Ukuta uliopinda na tena ukaegemea nje, utaumwaga vipi? Walitengeneza umbo la plaiwudi lililopinda, wakasuka nondo upande wa ndani, kisha wakapuliza zege kwa bomba lenye nguvu mpaka likashikamana na lile umbo, tabaka juu ya tabaka. Mbao zilipoondolewa, ule uso wa nje ukabaki na alama za plaiwudi, na mpaka leo ukiutazama jua likiwa pembeni unaziona. Wright aliridhika na kazi ya Cohen kiasi kwamba jina la mkandarasi liliwekwa ukutani pamoja na lake. Kwetu huku ni wangapi mmeona jina la fundi kwenye jiwe la msingi? Huwa ni jina la mgeni rasmi tu.

Kabla jengo halijakwisha, ukazuka ugomvi mwingine. Mwezi Desemba 1956 wasanii 21 walitia saini barua ya kulalamika. Miongoni mwao walikuwemo Willem de Kooning na Franz Kline, majina makubwa ya uchoraji wa wakati ule. Malalamiko yao yalikuwa ya maana kabisa. Picha ni kitu cha pembe nne. Sakafu ya njia inateremka, kwa hiyo picha ikiwa sawasawa itaonekana imepinda, na ukiipinda ifuate sakafu itaonekana imelewa. Ukuta umeegemea nje, kwa hiyo picha italala chali. Na mtazamaji hawezi kurudi nyuma hatua nyingi aione picha kubwa kwa mbali, kwa sababu nyuma yake kuna ukingo, na baada ya ukingo ni hewa.

Wright akajibu kwamba picha ikilala kidogo ndiyo vizuri, kwani hata mchoraji anapoichora ameiegemeza kwenye egemeo lake. Mimi jibu hilo nalipenda kwa ujanja wake, ila nawapa ushindi wachoraji. Mtu akikujengea nyumba, akuulize kwanza kitanda chako kina ukubwa gani. Sweeney alikuja kulimaliza tatizo kwa namna yake: alitoa vyuma ukutani, akatundika picha kwenye ncha za vile vyuma, zikasimama wima mbele ya ukuta kama zinaelea. Ukuta wenyewe akaupaka rangi nyeupe, ingawa Wright alitaka rangi ya pembe ya ndovu.

Wright hakuliona likifunguliwa. Alifariki tarehe 9 Aprili 1959, akiwa na miaka 91. Milango ilifunguliwa tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo, na foleni ya watu ilizunguka mtaa. Na kwa kuwa mmezaliwa karibu na Ngorongoro, wekeni tarehe hiyo kando ya nyingine: miezi mitatu tu kabla yake, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alikuwa Olduvai ameinama kwenye udongo akatoa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lenye umri wa kama miaka milioni 1.75. Wenzetu wanafungua nyumba mpya kuliko zote, sisi tunafungua ya kale kuliko zote. Mwaka 2019 lile jengo la New York liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, orodha ambayo Ngorongoro ilishaingia tangu 1979. Tuliwatangulia miaka arobaini.

Sanaa ya Afrika nayo ilifika kwenye njia ile ya kuzunguka. Mwaka 1996 makumbusho ya Guggenheim yaliandaa maonyesho makubwa ya sanaa za bara letu zima, yaliyokuwa yametoka London. Vinyago vilivyochongwa vichezwe uwanjani, vitazamwe kutoka pande zote, vikapangwa kando ya ile njia, na watu wakavizunguka wakishuka. Ilikuwa haki yao kufika pale. Karibu miaka tisini kabla, mwaka 1907, Pablo Picasso alikuwa ameingia kwenye makumbusho moja ya Paris yaliyojaa barakoa za Kiafrika, na alipotoka uchoraji wake haukuwa ule alioingia nao. Hizo picha za kukuna kichwa zina ujomba huku kwetu.

Sasa turudi Arusha, tuingie tena ndani ya ngoma yetu. Mtu aliyewahi kuiona New York akiingia humu anaitambua njia mara moja. Lakini tazama tofauti. Kule njia ilijengwa kwa ajili ya picha za pembe nne, na picha zikasumbuka. Huku vitu vingi ni vya kuchongwa, na kinyago hakina shida na ukuta uliopinda, kwa sababu hakihitaji ukuta. Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, ule mti mmoja wa mpingo wenye watu wamebebana kuanzia babu mpaka kitukuu, huwezi kukiona ukisimama mahali pamoja. Lazima ukizunguke. Na baadaye ukifika mzunguko wa juu, unakiona tena kutoka utosini, jambo ambalo hata aliyekichonga hulipata kwa nadra. Mimi nasema njia ya kuzunguka imewafaa wachongaji kuliko ilivyowafaa wachoraji wa Wright. Ni maoni yangu, mtakwenda mkatazame wenyewe.

Kuna jambo moja watu hunung'unikia, nami sitawaficha: vitu vingi vya mle vina bei. Hapa na pale wanauliza, hii ni makumbusho au ni duka? Ni vyote viwili, na mali ya mtu binafsi. Makumbusho ya taifa hununua kitu ili kibaki. Hapa kitu kinaweza kuwepo Jumatatu na Ijumaa kipo kwenye meli kwenda Hamburg. Kama umekipenda, kitazame vizuri siku hiyo hiyo.

Na kama mnadhani wa Arusha ndio wa kwanza kuijengea sanaa nyumba nchini, ngoja niwape ya Dar es Salaam, ambayo jengo lake halikuwa na umbo la kushangaza lakini hadithi yake naipenda zaidi. Mwaka 1972 mtawa wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa pamoja na vijana wachache waliojua kuchora na hawakuwa na pa kufanyia kazi. Mwaka 1983 walipata jengo lao wenyewe barabara ya Upanga, na Mwalimu Nyerere akaja kulifungua.

Ramani ya jengo lile ilikuwa na wazo ambalo Wright hakuwa nalo. Pale karakana, maonyesho na duka vilikuwa chini ya paa moja. Mgeni hakukutana na picha peke yake, alikutana na mwenye picha, ana rangi mikononi. Ukitaka kuuliza kwa nini shetani huyu ana masikio marefu hivi na tumbo kubwa hivi, unamuuliza mwenyewe aliyemchora.

Na aliyemchora mara nyingi alikuwa George Lilanga, Mmakonde wa kusini, aliyezaliwa mwaka 1934. Mjomba wake Augustino Malaba alikuwa msanii pale, akamtafutia kazi. Kazi gani? Ulinzi wa usiku. Fikirini: usiku kucha anazilinda kazi za wengine, na mkononi mwake mna kazi kubwa kuliko zote zilizofungiwa ndani. Lakini alichora, alichonga, wakubwa wakaona, akahamishwa kutoka lango la nje kwenda meza ya ndani. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa Washington kwenye maonyesho ya wasanii wa Afrika, nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote aliyeshiriki. Mashetani wake wanaocheka, wa rangi kali, wanaobanana kama abiria wa daladala, sasa wamo kwenye makumbusho ya Ulaya na Japani. Lilanga alifariki mwaka 2005. Nyumba ya Sanaa nayo haipo tena pale Upanga. Kiwanja cha katikati ya Dar es Salaam kina thamani kubwa, na sanaa hailipi kodi ya pango kama inavyolipa benki.

Sasa swali langu kwenu. Tuseme Halmashauri ya Karatu imeamka asubuhi moja ikasema, haya, watoto wa Qurus, tuchoreeni ramani ya nyumba ya sanaa yetu. Mtachora nini? Msiniletee ngoma na ngao, hizo wameshazichukua Arusha.

Anzeni na kile mtakachokiweka ndani. Wairaqw wa zamani walikuwa na sketi za ngozi ambazo wasichana walizitarizi kwa shanga wakiwa kwenye unyago wao, na baadhi yake leo zinakaa kwenye makumbusho ya nje, zimetandazwa nyuma ya kioo kama ngozi inayoanikwa. Sketi ile haikushonwa itandazwe. Ilishonwa itembee, msichana akigeuka shanga zigeuke naye. Kwa hiyo chumba chake kiweje? Ukuta hautasaidia.

Halafu fikirini nyumba yenyewe. Mababu wa Wairaqw walijua kujenga nyumba wakiichimbia ubavuni mwa kilima, paa tambarare la udongo, majani yakiota juu, ili adui apite karibu na asione kitu, ng'ombe wakiwa humo humo ndani. Ni jengo lililobuniwa lisionekane. Jengo la makumbusho kwa kawaida hubuniwa lionekane kutoka barabara kuu. Hapo kuna mgogoro mzuri wa kuufanyia kazi: unaweza kujenga nyumba ya sanaa inayofukiwa kilimani, watu wakaiona? Mlango mfupi unaomfanya hata mkuu wa wilaya ainame akiingia? Na mwanga utautoa wapi, kama hutaki kutoboa paa lote likavuja masika?

Chukueni vijiti, mchore hapo chini, udongo wetu mwekundu unashika mstari vizuri. Mlango msiuelekeze mashariki, upepo wote wa Karatu unatoka huko. Na mwenye ramani atuonyeshe kwa kidole mgeni anaingilia wapi, anakanyaga nini kwanza, na kitu gani hakioni mpaka amegeuka.